Ndugu yangu huenda akatolewa jela mapema, nimjibu nini afisa?

Mtu_wa_Mtongwe: Asalaam alaykum wanajamvi. Ndugu yangu yuko Shimo la Tewa, alifungwa miaka 3 kwa wizi, ana miezi 14 sasa. Jela zimefurika, wengine wapitiwa majina wamalizie kifungo nje. Juzi afisa wa probesheni alikuja kuuliza kama tutampokea. Mama ana hofu, hata chakula hali. Nikisema nyumba haina nafasi, atabakishwa ndani?

Bi_Mswafi: Jela isikie tu. Mjomba wangu alikaa rimandi mwaka mzima, dhamana ilimshinda. Walilala ubavu, mmoja akigeuka wote wageuka. Mpaka leo ana kitanda cha futi sita na hulala ukingoni, kajibana ukutani.

Wakili_wa_Barazani: Afisa haachilii mtu. Huandika ripoti baada ya kuuliza nyumbani, kwa chifu na kwa aliyeibiwa. Mwamuzi ni mahakama. Sheria ya huduma kwa jamii ipo tangu 1998: mchana atafagia zahanati, usiku alale kwenu. Na ukimkataa, akiwa na tabia njema hupunguziwa theluthi. Miaka 3 yawa 2. Miezi 10 tu, yuaja. Nafasi haipo, au mumeijaza?

Mtu_wa_Mtongwe: Chumba kipo. Kina mpangaji.

Wakili_wa_Barazani: Chumba cha nani?

Mtu_wa_Mtongwe: Marehemu baba alimwachia yeye. Lakini jamani, kingekaa bure kiliwe na mchwa? Mpangaji kalipa miezi sita mbele, pesa nimeezekea bati. Na afisa nishamwambia hatuna nafasi. Nataka tu kujua kama nimekosea.

Kaka_Feri: Ushamjibu, watuuliza nini? Mpeleke mpangaji Shimo, nduguyo arudi chumbani 😂

Ustadh_Kijiweni: Mali ya mfungwa ni amana. Muogope Mungu.

Bi_Mswafi: Ngojeni! Huyu si ndiye aliyeuliza habari za mirathi kabla ya Ramadhani, akasema ni mtoto wa pekee? Paukwa!

Kaka_Feri: Pakawa!

Mtu_wa_Mtongwe: Wa pekee kwa mama yangu. Huyu ni wa mke mkubwa.

Wakili_wa_Barazani: Basi mama asiyekula kwa hofu ni yupi, wako au wake?

Mtu_wa_Mtongwe: Wangu. Wake yuko Kwale, hajui kama kuna mpangaji.

Bi_Mswafi: Na afisa ajua kama yuko Kwale?

Mtu_wa_Mtongwe: Amekwenda huko leo asubuhi.