Mafundi pampu za visima, mmeniuzia kapasita ya elfu 18 kwa milioni 1 na laki 6

Wakuu, habari za jioni. Mnivumilie, uzi ni mrefu na nina hasira.

Nyumba yangu iko Goba. Ina kisima cha mita 92, na hivi ninavyoandika uani kuna madumu kumi na mawili ya maji ya kununua, dumu moja 500. Leo asubuhi nimemkuta mama yangu mzazi, ana miaka 74, anaogea kopo mbili za maji ili yabaki ya wajukuu. Mwanamke aliyekuwa na bomba lake uani!

Kisima nilichimba Desemba 2022. Mnakumbuka mwaka ule mto Ruvu ulivyopungua, Dar tukaingia kwenye mgao, watu tunakesha na ndoo. Nikakopa kwenye kikoba nikachimba. Waliochimba sina ugomvi nao hata kidogo. Waliniachia karatasi ya kisima: kesing'i (bomba la kushikilia ukuta wa kisima) inchi 5, maji yanatulia mita 41, machujio, yaani sehemu ya bomba yenye matundu ya kuingiza maji, yanaanzia mita 78, uwezo wa kisima lita 1,800 kwa saa. Wakashusha pampu ya HP 1.5 (nguvu farasi moja na nusu), wakaining'iniza mita 72, juu ya machujio, na kamba yake na waya wa sensa ya kuizima maji yakipungua. Tangu siku ile pampu haikunisumbua.

Februari mwaka huu, Jumamosi, nikawasha. Boksi ya kuwashia pampu ikaunguruma tu, maji hayaji, sekunde chache ovalodi, ile swichi ya kukata umeme ukizidi, ikaruka. Nikabonyeza tena, ikaunguruma, ikaruka. Wenye kujua hapo mmeshajua tatizo liko wapi. Mimi sikujua, ndiyo maana nikaita fundi, na nilimlipa ili yeye ajue.

Alielekezwa kwangu na duka la vifaa vya ujenzi la hapa barabarani. Akaja na vijana wawili. Hakuwa na mita ya kupimia umeme. Narudia: mtu anakuja kupima mota iliyoko mita 72 chini ya ardhi, na kifaa pekee alichonacho ni bisibisi ya tesa. Akagusa waya, taa ya tesa ikawaka, akaniambia, "Mama, umeme unafika, kwa hiyo mota ndiyo imeungua. Hapo ni kuchomoa tu." Boksi hakuifungua. Nikamletea karatasi ya kisima, akanirudishia bila kuisoma, eti karatasi haitoi maji.

Wakachomoa. Bomba la poli (plastiki) lilikuwa rola moja, halina kiungo, wao wakawa wanalikata vipande kila likitoka ili wasihangaike kulikunja. Waya wakauvuta nao pamoja mpaka ukakwaruzika kwenye mdomo wa kesing'i. Pampu ilipotoka, fundi akaigeuza, akainusa, akasema imeungua koili. Mimi nikanusa pia, nikasikia harufu ya tope. Lakini mimi ni mwalimu, yeye ndiye fundi, nikanyamaza.

Akashauri HP 2, "hii yako ilikuwa dhaifu." Pampu mpya na boksi yake 1,050,000. Viungo vya poli, waya na vikorokoro 240,000. Ufundi 350,000. Jumla 1,640,000, na hela ile ilikuwa ada ya watoto wawili. Wakati wa kuondoka akapakia pampu yangu ya zamani, "nikusaidie kuitupa, mama." Mota ile ina shaba ndani. Nani anatupa shaba?

Maji yakatoka kwa nguvu, nikafurahi siku tatu. Siku ya nne yakaanza kuja na rangi ya chai ya maziwa. Ukiyaacha usiku kwenye sufuria, asubuhi chini kuna mchanga laini kama unga wa sembe, ukiusugua kwa kidole unakwangua. Nikampigia, akasema kisima kinajisafisha. Wali ukawa unasaga menoni. Jioni, umeme wa mtaa ukipungua, pampu ikiwaka taa za nyumba nzima zinafifia. Nikampigia, akasema ni umeme wenu.

Halafu likaja hili ambalo sitalisahau. Waya wa pampu aliuunga juu pale mdomoni mwa kisima, akazungusha tepu nyeusi, akafunika na mfuko wa nailoni, akaulaza juu ya kifuniko cha chuma. Mvua ya Machi ikanyesha. Mwanangu wa mwisho, miaka tisa, akaenda kuchota maji bomba la pale kisimani, miguu mitupu, mkono mmoja akashika kile kifuniko. Nilisikia ndoo inaanguka. Nikamkuta amekaa chini kwenye tope, midomo inatetemeka, ananiambia, "Mama, chuma kimenivuta." Breka haikuruka. Baadaye nikaambiwa kwa nini: waya wa ethi, wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, fundi alikuwa ameukata akauacha unaning'inia hewani, haujaunganishwa na kitu chochote, na ile breka ya kukata umeme unapovuja hakuifunga kabisa. Nilipompigia akasema nisogeze waya kwa fimbo kavu.

KWA FIMBO KAVU. Mtoto wangu amenusurika kufa na huyu ananipa ushauri wa fimbo.

Siku ya 47 pampu mpya ikafa. Dukani nikaambiwa garantii ni ya kiwandani, haihusu makosa ya ufungaji, niende kwa fundi. Fundi akasema ni pampu feki, niende dukani. Siku hizi simu yangu hapokei.

Jirani akaniletea kijana mwingine, nami nikamkubali kwa shingo upande. Akanisalimia, akaomba karatasi ya kisima, akakaa akaisoma yote. Akauliza boksi ya zamani iko wapi. Nilikuwa nayo stoo, fundi yule hakuichukua kwa sababu haina shaba ya kuuza. Kijana akaifungua pale pale mezani. Ndani kuna kopo jeusi, hiyo ndiyo kapasita, tumbo limevimba. Limeandikwa maikrofaradi 40. Akaweka mita, ikasoma 6. Akaniambia mota ya namna hii inahitaji kapasita ili ianze kuzunguka. Ikichoka, mota inaunguruma papo hapo bila kugeuka, inavuta umeme mwingi, ovalodi inaikata. Kubadilisha ni bisibisi na dakika kumi. Bei dukani elfu 18.

Nililia, wakuu. Sioni aibu kusema.

Ndipo tukachomoa hiyo ya HP 2. Kamba hakuna, pampu ilikuwa inaning'inia kwenye bomba la poli lenye viungo kumi na kitu na kwenye waya wa umeme. Kiungo kimoja kingeachia, pampu ingezama na kisima kingekuwa kimeziba mpaka leo. Fundi yule alikuwa ameishusha mita 90, yaani mita mbili kutoka chini, kwenye tope. Mota ya kisima inapozwa na maji yanayopita ubavuni mwake, ukiizika kwenye tope inajichemsha. Na pampu hiyo inavuta maji zaidi ya zile lita 1,800 ambazo kisima kinaweza, kwa hiyo ilikuwa inakokota mchanga kupitia machujio na kuupitisha kwenye impela, yale mapanga yanayosukuma maji. Tulizifungua, kingo zimelika kama sabuni. Sensa hakuiunganisha.

Kiungo cha waya cha kule chini nilikishika kwa mkono wangu. Tepu ileile ya dukani, mizunguko mitatu. Kijana alipoibandua, maji yakadondoka kutoka ndani, na shaba chini yake ilikuwa ya kijani. Kiungo cha kuzama majini kinavalishwa mpira wa gundi unaonywea kwa moto. Fundi yule alitumia tepu ya kufungia waya wa redio.

Na waya wenyewe ni wa milimita za mraba 1.5, mita 90. Kijana alinipigia hesabu kwenye daftari langu la maandalio: kwenda na kurudi mita 180, ukinzani zaidi kidogo ya omu 2, mota inavuta ampu 10 na ushee. Zinapotea volti zaidi ya 20 kabla umeme haujafika kwenye pampu. Jioni ukiwa na volti 195 juu, kule chini zinafika 170 na kitu. Kwa waya wa milimita za mraba 4 ungepoteza 8 au 9. Nimefundisha hesabu darasa la saba miaka 22, hesabu hii hata wanafunzi wangu wanaiweza. Fundi hakuikosa kwa kutojua, aliikwepa kwa sababu waya mnene ni ghali na mteja haoni kilichoko chini.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mnakula kwa sababu kitu kiko mita 90 ardhini na sisi hatuoni. Kuchimba kisima kunataka kibali cha bodi ya maji ya bonde, huku kwetu Wami/Ruvu. Kufunga umeme kunataka leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Pampu ni umeme uliozamishwa kwenye maji tunayokunywa, na anayekuja kuifunga anakuja na tesa na maneno!

Kwa wenye visima: msiruhusu mtu achomoe kabla ya kupima akiwa juu. Kapasita kwanza. Kisha waya wa chini ufunguliwe kwenye boksi na upimwe. Kwa pampu ya nyaya tatu kuna vipimo vitatu vya koili, na kile kikubwa kinatakiwa kiwe jumla ya viwili vidogo. Halafu kila waya na ethi, kwa megga, kile kifaa cha kupima kama umeme unavuja. Hayo yote yanafanyika umesimama uani, kamba haijaguswa. Asiye na mita mpeni maji ya kunywa aende. Na karatasi ya kisima ilindeni kama hati ya kiwanja.

Nyongeza, saa 3 usiku: Mnaouliza kwa nini nilimwachia pampu ya zamani, nilimwamini. Mnaosema nishukuru mtoto mzima, nashukuru kila nikimtazama, na bado nataka haki yangu. Jina na namba yake sitaweka hapa, msinilazimishe inbox, hilo nalipeleka serikali ya mtaa Jumatatu.

Fundi, mmoja wa vijana wako kanitumia ujumbe kwamba unausoma uzi huu. Pampu yangu ni ya HP 1.5, ina mkwaruzo mrefu ubavuni na alama ya rangi nyekundu waliyoipaka wachimbaji. Ilete. Kapasita mpya ninayo mezani. Tutaizamisha kwenye pipa la maji hapa uani, mbele ya mjumbe na majirani, tuiwashe, tuone kama iliungua.