Katuni za zamani mchana kutwa: dishi la kulipia, antena, intaneti au DVD?

Mwana wa Kibokoni (Jumapili, saa 4 usiku)

Assalaam alaykum jamaa. Naomba ushauri, na nitajieleza kirefu kidogo ili anayejibu ajue anajibu nini.

Baba yangu alikuwa dereva wa winchi bandarini Kilindini, Mombasa, alistaafu zamani. Mwaka jana kiharusi kilimshika. Mkono wa kulia umelegea, na maneno hayamtoki. Anaelewa kila kitu, lakini kusema kwake ni neno moja, basi. Taarifa ya habari alikuwa haikosi, sasa ikianza anageuza uso, nadhani kwa kuwa wanasema mbio. Siku moja wanangu waliacha Tom na Jerry kwenye TV, ile ya zamani ambayo paka amevaa koti la sherehe anapiga piano na panya amelala humo ndani. Nilikuwa jikoni na viazi vya karai motoni, nkasikia kitu ambacho nilikuwa sijakisikia kwa miezi saba: Baba anacheka. Nilitoka na mwiko mkononi. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa amemlalia mapajani, wote wawili macho kwenye kioo.

Sasa nataka kitu kitakachomwonyesha katuni kama hizo asubuhi hadi adhuhuri, na tena baada ya alasiri, BILA yeye kushika rimoti. Vidole havimtii. Mimi niko kazini mpaka saa 11, na dada anayemtazama ana kazi zake za nyumba. TV ina tundu la fleshi na inashika intaneti, ila intaneti yenyewe ni ya simu yangu, nikitoka imetoka.

Nilisikia kuna chaneli zinazorudia katuni za zamani tu, saa 24. Aliye nayo aniambie. Je, nilipie dishi, au kuna njia nyingine?

Fundi Antena, Kisauni

Wa alaykum salaam dada. Mola amuafu mzee. Nafunga antena na dishi kuanzia Kisauni mpaka Mtwapa, mwaka wa 14 huu, nitakwambia ninayoyaona majumbani.

Dishi la kulipia ndilo lenye chaneli nyingi za katuni, hilo halina ubishi. Lakini usilipie jina la chaneli, lipia ratiba yake. Mfano ni Boomerang. Ilianza 1992 kama saa chache za katuni za zamani ndani ya Cartoon Network, na tarehe 1 Aprili 2000 ikawa chaneli kamili kule Marekani, kazi yake kurudia za kale mchana kutwa. Miaka ilivyokwenda wakaingiza vipya, vya zamani vikasukumwa pembeni. Mtu akikusifia chaneli ya katuni za kale, huenda anaisifia ilivyokuwa alipokuwa mdogo. Nenda kwa jirani mwenye dishi, kaa naye siku moja, andika kila saa wanaonyesha nini. Nina mteja alichukua kifurushi kikubwa kwa ajili ya chaneli moja, na kabla miezi mitatu haijaisha ikaondolewa. Pesa haikurudi.

King'amuzi cha antena ni rahisi kuliko vyote, na chaneli za bure zipo. Katuni zake ni za saa maalumu, na nyingi ni za watoto wadogo. Ila kina sifa moja ambayo kwako ni kubwa: stima ikipotea na kurudi, ving'amuzi vingi huwaka vyenyewe kwenye chaneli ileile. TV ikiwa kwenye intaneti hurudi ukurasa wa mwanzo ikangoja mtu abonyeze. Sasa fikiria stima imekatika saa 4 asubuhi na wewe uko kazini.

Na huko Kibokoni chumvi ya bahari iko karibu mno. Panda utazame waya unapoingia kwenye antena. Picha ikiganda vipande vipande watu hulaumu king'amuzi, kumbe shaba imeota kijani.

Kijana wa Likoni

Dada, dishi la nini tena? Zile programu za video za bure zina Tom na Jerry mpaka basi. Unatafuta, unaiacha inajiendea yenyewe. Nunua bando la mwezi.

Mwana wa Kibokoni

Kaka, nilianza na hiyo. Jumamosi niliiwasha nikamwacha Baba sebuleni nikaenda Marikiti kununua samaki. Nilikuta mtu anafungua mayai ya plastiki moja baada ya jingine huku akipiga mayowe, na Baba amegeukia ukuta. Hakuwa na namna ya kuizima wala ya kuita. Sijui alikaa hivyo muda gani. Siku ile nililia, nawaambia kweli.

Fundi Antena, Kisauni

Na bando nalo lipigie hesabu. Picha ya kawaida hula karibu nusu gigabaiti kwa saa. Saa sita kwa siku ni gigabaiti tatu, kwa mwezi inakaribia 90.

Kijana wa Likoni

Pole sana dada, sikujua. Nayaondoa maneno yangu.

Bi Ughaibuni

Nawasoma kutoka Ohio, lakini mimi ni wa Makadara. Chaneli unayoisikia, dada, huenda ni ya huku. MeTV Toons ilianza tarehe 25 Juni 2024. Ni ya kampuni ya Weigel ya Chicago pamoja na Warner, nayo ni katuni za kale usiku na mchana: Bugs Bunny, Popeye, Flintstones, Scooby-Doo. Inashikwa bure kwa antena. Ni raha, nisiseme uongo, lakini ni ya Marekani, huko nyumbani huipati. Atakayekwambia anakuuzia "laini" ya kuifungua, usimpe hata shilingi.

Huku pia palikuwa na programu ya Boomerang ya kulipia kila mwezi, ilianza 2017. Tarehe 30 Septemba 2024 ikafungwa. Ndiyo maana mimi siku hizi nanunua DVD. Hiyo hakuna wa kuja kuifunga.

Mwalimu Majengo

Binti yangu, nimeisoma hoja yako mara mbili, na naona wote tumekimbilia chombo kabla ya kuangalia chakula. Hebu turudi nyuma.

Baba yako hakucheka kwa sababu katuni ni ya zamani. Alicheka kwa sababu haina maneno.

William Hanna na Joseph Barbera walitengeneza Tom na Jerry 114 za sinema kati ya 1940 na 1958, wakiwa MGM, kampuni ya sinema ya Marekani, na 7 kati ya hizo zilipata Oscar. Ile ya piano ni mojawapo, ya 1947. Karibu kila kitu humo husemwa na mwili na muziki. Mtunzi wa muziki, Scott Bradley, alifuatisha hatua kwa hatua: paka akinyata, ala zinanyata, akianguka ngazi, kila kipandio kina noti yake. Mtu ambaye maneno yanamchosha anaishika hadithi yote kwa macho na sikio, bila kukosa kitu.

MGM ilipofunga idara yake ya katuni 1957, mabwana hao wawili wakahamia kwenye televisheni, ambako fedha zilikuwa kidogo sana. Kuchora mwendo ni ghali, mazungumzo ni rahisi. Basi wakachora kichwa kinachosema juu ya mwili uliosimama. Ndivyo walivyozaliwa yule dubu Yogi, na Flintstones ya 1960, na Top Cat ya 1961. Nawapenda, lakini ni vipindi vya maneno, tena Kiingereza cha mbio na mizaha. Na ndivyo vinavyojaza chaneli za katuni za kale, kwa kuwa viko vingi: Flintstones peke yake ni vipindi 166. Ukimwekea Baba chaneli kama hiyo, atapata Tom na Jerry kidogo, kisha saa nzima za watu wanaozungumza. Atageukia ukuta tena.

Kwa hiyo chagua mwenyewe. Anza na zile 114. Ongeza yule mbwamwitu wa jangwani anayemfukuza ndege, kazi ya Chuck Jones tangu 1949, na Pink Panther tangu 1964. Hao nao hawasemi, au husema mara moja moja. Jihadhari na Tom na Jerry 13 zilizotengenezwa Prague mwanzoni mwa miaka ya 60. Sauti zake zina mwangwi wa ajabu, kwangu haziburudishi.

Hesabu ndogo: 114 kwa dakika 7 ni saa 13 na kidogo. Kwa saa sita kwa siku, harudii hata moja siku mbili mfululizo.

Mama Wawili

Mwalimu umesema vyema, ila kuna jambo umelipita. Katika zile za kwanza kuna yule mama mweusi wa nyumba ile, anaonyeshwa miguu na ufagio tu, na kusema kwake kumefanywa kichekesho. Na kuna pahali mlipuko ukimpata paka anatoka amepakwa weusi na midomo mikubwa. Wanangu waliniuliza, "Mbona amekuwa hivyo?" Sikupenda hata kidogo. Watoto wake dada watakuwa wanatazama na babu yao.

Kwangu mimi wanatazama Akili Kids, ni ya hapa Kenya, ilianza 31 Machi 2020, bure kwenye king'amuzi. Na Ubongo Kids ya Tanzania, hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Mtoto anacheka na anatoka na kitu.

Mwalimu Majengo

Umesema kweli, Mama Wawili, na nilipaswa kulitaja mwenyewe. Ni dharau ya Wamarekani weupe wa enzi ile, haina jina jingine. Baadhi ya chaneli hukata vipande hivyo, na katika miaka ya 90 sauti ya mama yule ilirekodiwa upya ili aongee kama watu. Kwenye DVD baadhi zimeachwa kama zilivyokuwa. Mimi ningekaa na wajukuu nikawaeleza. Lakini Baba hawezi kueleza, na mama yao yuko kazini. Hapo naungana nawe: zitolewe.

Mwana wa Kibokoni

Shukran sana nyote. Mama Wawili, asubuhi watoto wako shule, jioni nitawafungulia Akili Kids kabla ya chuo cha Qur'ani. Mwalimu, nilikuwa sijaliona hilo la maneno. Nimekumbuka kweli, juzi ilitokea ya mbwa mpelelezi, Scooby, naye hakucheka hata mara moja. Mimi nilidhani amechoka.

Fundi, nikipata fleshi inajiwasha?

Fundi Antena, Kisauni

TV nyingi hazijiwashi na fleshi, lazima uingie ndani uchague folda. Deki ya DVD ndiyo bora: zipo ambazo, diski ikiwa ndani, stima ikirudi zinaanza kucheza zenyewe. Lakini ijaribu dukani kabla ya kulipa: ichomoe ukutani, ichomeke tena, tazama inafanya nini. Weka "rudia zote".

Kitu kingine, DVD zina kanda, yaani sehemu ya dunia zilikokusudiwa kuchezwa. Za Marekani ni namba 1, za Uingereza 2, sisi Kenya tuko 5. Muulize muuzaji kama deki inacheza zote, na uwe na diski ya nje ya kumwonyesha.

Wapo watakaokujazia fleshi mtaani kwa bei ya chai.

Mwalimu Majengo

Fundi, katuni hizo bado zina mwenye haki. Tutafute asli.

Mwana wa Kibokoni (wiki tatu baadaye)

Narudi kama nilivyoahidi moyoni. Ndugu yangu aliye Uingereza alinunua DVD za asli za mitumba, akampa mtu anayekuja. Deki nilinunua Digo Road, nikaifanyia jaribio la Fundi mbele ya muuzaji. Ya kwanza ilikataa, ya pili ikakubali. Diski mbili zenye vipande alivyovisema Mama Wawili nimeziweka kabatini. Dishi sikulipia.

Alhamisi stima ilikatika nikiwa kazini. Dada anasema iliporudi, paka alikuwa ameshaanza kukimbia kabla hajafika sebuleni.

Jana nilikuwepo. Kuna moja paka anavuta kitu kizito kwa kamba kupitia dirisha la juu, kinabembea. Baba aliinua mkono wa kushoto, kiganja chini, akaushusha taratibu vile walivyokuwa wakipeana ishara bandarini, akasema, "Shusha." Kisha mara ya pili, wazi kabisa: "Shusha, shusha." Mwanangu akamuuliza, "Babu, ataangusha?" Akatikisa kichwa kuwa ndiyo. Na ikaanguka kweli.

Fundi, swali moja. Deki inapata moto sana baada ya saa nne. Ni kawaida?

Fundi Antena, Kisauni

Mashallah. Umeiweka juu ya nini?

Mwana wa Kibokoni

Juu ya kitambaa cha kufuma, cha marehemu Mama.

Fundi Antena, Kisauni

Kitoe, kinaziba matundu ya hewa chini. Iweke kwenye mbao tupu. Kitambaa kiweke pembeni, kisizibe matundu.