Walimu wa madarasa ya chini, mtoto akipandwa na hasira au kilio mnamtulizaje? Tupeane uzoefu

Mwalimu wa Awali: Habari za jioni wakuu. Nafundisha darasa la awali, watoto 94, msaidizi sina. Leo mtoto kanyang'anywa kizibo chake cha kuhesabia, nikampa kingine, akakitupa. Akajibwaga chini, mateke, kunyanyuka akanigonga kidevuni kwa kichwa. Nilimwambia "nyamaza" mpaka sauti ikakauka, na kila nikisema ndivyo anavyozidi. Si mtoto mtukutu, hasira ndiyo inamzidi nguvu. Nimerudi nyumbani sina raha. Wenzangu mnafanyaje?

Tunu wa Pwani: Pole mwalimu. Hilo neno "nyamaza" liache kabisa, mtoto akilia hasikii maneno. Mimi natumia uji. Namwambia akunje viganja kama kikombe, "uji wa moto huo, upulize taratibu usimwagike." Akipuliza mara tano sita pumzi inashuka. Ila uwafundishe darasa zima siku ambayo hakuna anayelia. Ukianza kufundisha katikati ya kilio umechelewa.

Kibuyu: Uji unafanya kazi, nathibitisha.

Mzee wa Chaki: Mnawadekeza. Samaki mkunje angali mbichi. Fimbo moja ya miguu, anakaa, kipindi kinaendelea.

Tunu wa Pwani: Shikamoo mzee wangu. Kanuni za viboko za Tanzania za 2002 zinasema kiboko ni cha mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, na kiandikwe kitabuni. Mtoto wa awali analilia kizibo, kitabuni utaandika kosa gani?

Mzee wa Chaki: Marahaba. Kanuni naijua. Wewe umewahi kusimama mbele ya watoto 130 peke yako? Tangu elimu bila ada ianze 2016 madarasa yamefurika. Mmoja akilia wanalia kumi. Niambieni hao wengine nawaacha na nani.

Mwalimu wa Kisumu: Mzee, swali lako ni la haki. Huku Kenya kiboko kilipigwa marufuku 2001. Mimi wa PP2 (awali mwaka wa pili) nampa anayelia kazi ya kutembea: peleka chaki kwa mwalimu wa jirani, rudisha jibu. Akirudi ametulia, na darasa sijaliacha.

Kibuyu: Wa kwangu nilimtuma hivyo hivyo akapitiliza mpaka kwao. Mtume na mwenzake.

Bibi Mwalimu: Uzi huu umenikumbusha mbali. Mwaka 2012 nilikuwa darasa la kwanza nje kidogo ya Dar, kule walikohamishiwa watu wa bondeni baada ya mafuriko ya Desemba 2011. Mnakumbuka, Jangwani watu waliokolewa juu ya mapaa. Masika ilipoanza, mvua ikigonga bati tu, kuna mtoto wa kiume alikuwa anakumbatia mguu wa dawati na kupiga yowe. Ukimshika anang'ata. Niliona ni kiburi, nikamchapa. Akajikojolea, na mguu wa dawati hakuuachia.

Jioni bibi yake akaja. Hakuja kwa shari. Tukasalimiana, akakaa, akasema: "Mwalimu, mjukuu wangu alikesha juu ya bati kamshikilia mama yake. Akisikia mvua, kwake yeye maji yanakuja." Nilikosa pa kuuweka uso.

Mvua iliyofuata sikumwambia usiogope. Nilimshika mkono tukaenda mlangoni, nikachomeka kijiti kando ya mtaro. "Maji yakifika hapa tunaondoka wote, na wewe ndiye utakayetuambia." Akasimama anakitazama, anatetemeka. Akarudi kukaa. Akaenda tena kutazama. Masika inakwisha alikuwa anatoka mara moja tu, anarudi, anasema "bado," anashika penseli. Kumbe si yeye peke yake aliyekuwa na hofu, maana wenzake walishazoea kumuuliza: "Yamefika?"

Kibuyu: Nimelia hapa kwenye daladala.

Mama wa Wawili: Wa kwangu ukimkaribia akiwa na hasira ndiyo anazidi. Mwacheni kwenye mkeka peke yake, atakuja mwenyewe.

Mwalimu wa Kisumu: Peke yake hapana. Kaa karibu, usiseme kitu.

Mzee wa Chaki: Bibi Mwalimu, huyo mtoto ulimwomba radhi?

Bibi Mwalimu: Nilimwomba, mbele ya darasa lile lile nililomchapia.

Mzee wa Chaki: Nimekusikia.

Mwalimu wa Awali: Asanteni sana, uji naanza nao kesho. Lakini Bibi Mwalimu umenifanya nikumbuke kitu. Kizibo nilichompa leo kilikuwa kizima, kizuri kuliko chake. Alichokuwa anakililia ni kile kile cha bluu, kimepinda, anakuja nacho kutoka nyumbani kila siku. Sijawahi kumuuliza alipewa na nani.