Naomba ushauri: viboksi vya karatasi vya kuweka kashata na visheti, wageni 120

DadaWaBiHarusi
Habari za jioni wadau. Send-off ya mdogo wangu ni mwisho wa mwezi, ukumbi uko Tabata, kadi zimetoka za watu 120. Kwenye kifungu cha shukrani kwa wageni kamati imetenga hela ambayo hainunui hata viboksi vitupu vya dukani, achilia mbali cha kuweka ndani. Nimesema nitavitengeneza mwenyewe. Kila boksi liwe na kashata ya nazi vipande viwili, visheti kidogo na ubuyu.

Nimechukua manila Kariakoo, zambarau na rangi ya maziwa, ndizo rangi za sare. Sasa kila nikikunja, mkunjo unachanika na weupe unatokeza. Gundi ya maji inaipindisha karatasi. Kashata niliyoijaribishia ikalala humo usiku mmoja, asubuhi doa la mafuta liko hadi nje. Nataka lile boksi la mraba lenye mfuniko wa kuinua, ila kama kuna umbo jepesi zaidi kwa idadi hii niambieni. Nawasilisha.

Mzee wa Kamati
Kamati nzima watu wazima na mikono yao, kazi ya mikono umeibeba peke yako? Kikao kijacho kila mjumbe akabidhiwe mkasi mlangoni.

FundiKadi
Dada, shughuli yangu ni kadi za harusi, manila nazishika kila siku. Tuanze na mkunjo.

Weupe unaouona maana yake hiyo manila imepakwa rangi juu tu. Dukani omba kipande, chana kona: rangi ikiwa imeingia hadi katikati, chukua. Pili, karatasi ina uelekeo. Ipinde bila kuikandamiza, kwanza kwa urefu kisha kwa upana, utaona upande mmoja inakubali na mwingine inagoma. Huo inaogoma ndio unaochanika. Boksi la mraba linakunjwa pande zote nne kwa hiyo huwezi kuukwepa. Lazima utie alama kabla. Tafuta peni iliyoisha wino kabisa, tandika gazeti chini, weka rula ya chuma, pitisha peni mara mbili. Usiikwangue, unaibonyeza tu. Wembe na ncha ya mkasi weka mbali, vinakata nyuzi za karatasi na hapo umerudi kulekule.

Vipimo. Wengi hukata mraba wa sentimita 15 kwa sababu ni namba nzuri. Manila kubwa ya A1 ni sentimita 59.4 kwa 84.1, kwa hiyo ukikata 15 unapata mitatu kwa mitano, yaani miraba 15, na pembeni unabaki na kipande cha sentimita 14 na ushee ambacho hakina kazi. Punguza iwe 14.5 tu, unapata minne kwa mitano: 20 kwa karatasi moja. Kwa wageni wako hizo ni karatasi 6 badala ya 8. Ila pima manila yako kwanza, madukani kuna nyingine zimepunjwa.

Tia alama sentimita 4 kutoka kila ukingo, kitako kitakuwa 6.5. Kila kona kata mstari mmoja tu hadi alama zinapokutana, usiiondoe kona. Hilo ndilo sikio la kugundisha kwa ndani. Likate mshazari kidogo lisichungulie juu. Mfuniko ukate mraba wa 10.7, alama sentimita 2, ndani inabaki 6.7. Hizo milimita mbili za ziada usizifute, unene wa manila na masikio yanazila zote. Mifuniko inatoka 35 kwa karatasi, kwa hiyo karatasi 4. Nunua zambarau 7 za viboksi, moja ya akiba, na za maziwa 4 za mifuniko.

Gundi: ile nyeupe ya maseremala, ipake nyembamba kwa kijiti, bana kwa vibanio vya nguo. Au selotepu ya pande mbili, haina kusubiri. Stepla hapana, hicho ni chakula.

MpishiWaNgamiani
Umbo waachie mafundi, mimi niulizeni kilichomo ndani. Kashata ya nazi ina mafuta na unyevu, na ikifungwa ikiwa na joto inatoa jasho. Manila gani itahimili? Iache ipoe kabisa, ikiwezekana ilale kwenye sinia usiku mzima, juu kitambaa chepesi. Kisha iweke kwenye vile vikombe vya karatasi vya keki ndogo. Kimoja kinaenea kwenye hicho kitako cha 6.5. Chini yake ongeza kipande cha karatasi ya kuokea.

Visheti vipike hata wiki moja kabla, sukari ikishakauka vinakaa vizuri kwenye ndoo yenye mfuniko. Kashata iwe ya mwisho, siku moja kabla. Ubuyu ndio wa kuuogopa. Rangi yake ikikutana na unyevu wa kashata, boksi la maziwa litakuwa jekundu na gauni la mgeni pia. Ufunge peke yake au uutoe. Mimi ningeutoa, ningeweka karanga za sukari.

Bint Pwani (Mombasa)
Mie hukunja bila gundi, ule mkunjo wa Kijapani. Chukua A4, kata upate mraba wa 21, boksi likitoka lina upande wa sentimita 7.4 hivi na kimo nusu yake. Chini utumie mraba wa 20.5, juu 21, mfuniko waingia wenyewe. Watoto wa nyumbani wanajifunza mara moja tu.

FundiKadi
Bint Pwani, kwa peremende nakubali. Mkunjo huo unataka karatasi laini, manila haiwezi, na karatasi laini kwa kashata mafuta yanapita. Labda zile za visheti peke yake.

Mama Pacha
Mnasahau boksi la umbo la mto, sehemu ya gundi ni moja tu. Nilitengeneza hayo kwenye arobaini ya wanangu, mikunjo ya duara nilichora kwa ukingo wa kisosi. Ni haraka kweli, ila kashata inabanwa inavunjika. Karanga sawa.

Mpemba Mtulivu
Halua huku inauzwa kwenye vikapu vidogo vya ukili na hakuna anayelalamikia doa. Waone wasusi.

DadaWaBiHarusi
Mpemba, wazo zuri sana, ila kusukiwa vikapu 120 kufikia mwisho wa mwezi nani atanikubalia? FundiKadi, ubarikiwe. Nimepima manila yangu, ni 59 kasoro! Ubuyu nimeutoa, bibi harusi kanuna lakini atazoea. Swali: nivikunje lini? Chumba ni kimoja na joto la Dar mnalijua.

FundiKadi
Ukikata 14.5 hata 58.5 inakutosha. Kata na utie alama zote mapema, panga bapa, weka kitabu kizito juu, uzifunge zisipate unyevu. Viboksi vyote bapa vinaingia kwenye sanduku moja la shule. Gundi na kukunja vifanyike siku mbili kabla, tena kwa zamu: mmoja anapaka, mmoja anabana, mmoja anavisha mfuniko. Mtu mmoja akitengeneza boksi zima mwanzo mwisho, lazima mengine yatoke kombo.

KatekistaMstaafu
Naomba kudandia uzi. Nina kipaimara ya mjukuu, watoto 60, ndani peremende tu. Hilo la 6.5 ni kubwa, litaonekana halina kitu.

FundiKadi
Mzee wangu shikamoo. Kata 11.8, alama sentimita 3, kitako 5.8. Mfuniko mraba wa 9, alama 1.5. Viboksi vinatoka 35 kwa karatasi, kwa hiyo mbili zinakutosha na kumi vinabaki kwa watakaokuja bila kadi.