Galaxy ya kampuni au isiyo na loki, ipi ya kupeleka nyumbani?

Kutoka Houston:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Nina miezi minne tu hapa Marekani, naomba mnisaidie kabla sijatoa hela. Kwenye duka la kampuni ya laini yangu wananipa Galaxy S25 bure, wanasema nitakatwa kila mwezi na nitarudishiwa hukohuko kwenye bili kwa miezi 36. Simu ileile isiyo na loki, yaani inayokubali laini ya kampuni yoyote, ni dola 800 keshi. Mimi hii yangu bado nzima kwa hiyo nataka nichukue ya bure nimpelekee mdogo wangu Tanga mwezi wa kumi na mbili. Kuna ubaya wowote?

Kutoka Columbus:

Marahaba mdogo wangu, na pole na ugeni. Ubaya upo, na umefanya vizuri kuuliza maana mimi sikuuliza.

Mwaka juzi nilinunua iPhone supamaketi, zile za laini ya kulipia kabla, boksi halijafunguliwa na bei karibu nusu ya kawaida, nikampa shemeji aliyekuwa anasafiri ampelekee mama Morogoro. Mama akanipigia video kwa simu ya jirani, ameshaweka laini yake ya Vodacom, akakigeuza kioo nione, kimeandika SIM Not Supported. Ananiuliza mwanangu hapa inasemaje? Nilikosa cha kumwambia, alishawaita majirani waje kuiona. Kuwapigia kampuni, wananiambia mpaka itumike na laini yao miezi kadhaa ndiyo ifunguliwe, na ile haijawahi kutumika hata siku moja. Fundi mmoja akamwambia mama atamwekea kichipu chini ya laini itashika mtandao, nikamkataza, vile vichipu ukisasisha simu tu vinakufa na mzee anabaki anahangaika kurudi kwa fundi kila mara. Ikakaa kabatini miezi saba mpaka shemeji aliporudi nayo, nikaanza kuilipia kifurushi ili miezi itimie. Nilikuja kupiga hesabu nikakuta ningenunua isiyo na loki tangu mwanzo hela ingebaki.

Sasa hiyo yako. Hiyo siyo bure, ni mkopo. Unasaini deni la dola 800, ukigawa kwa miezi 36 ni dola 22 na senti kila mwezi, na chini yake kwenye bili wanaweka punguzo la kiasi hichohicho ndiyo maana unaona sifuri. Ukihama kampuni baada ya mwaka punguzo linakatika ila deni linabaki, hapo ni kama dola 533 unadaiwa. Na deni likiwa halijaisha hawaifungui. AT&T kwa mfano wanataka simu iwe imelipwa yote na imetumika siku 60, T-Mobile imelipwa yote na siku 40, na zile za kulipia kabla AT&T miezi 6, T-Mobile siku 365. Hayo ndiyo masharti nilivyoyasoma mimi, wanayabadilisha kwa hiyo soma ya siku unayonunua. Maana yake mdogo wako Disemba atapokea simu nzuri ya kupigia picha tu, laini ya Tanga haitashika. Na ukikwama kulipa ukiwa huku, wanaweza kuingiza IMEI yake, ile namba ya kuitambulisha simu, kwenye orodha ya simu zilizozuiwa.

Watu wengi wanachanganya hapa, simu kulipwa yote haimaanishi imefunguliwa. Unaweza kumaliza deni leo na loki bado ipo mpaka uombe, au mpaka siku zao zitimie. Omba ukiwa bado huku, kisha weka laini ya kampuni nyingine uone mnara unapanda, ndiyo uifunge kwenye begi.

Kwa Samsung angalia namba ya modeli. S25 ya kampuni ya Marekani inaandikwa SM-S931U, isiyo na loki ya Marekani ni SM-S931U1, hiyo 1 ya mwisho ni ndogo lakini ndiyo unayoitafuta, na ya kimataifa inaishia na B. Zote ni simu moja kwa nje na kwa kasi. Ya kampuni inakuja na programu zao ambazo nyingine hazifutiki unazima tu, na ukiiwasha inakuonyesha nembo yao hata ikiwa Tanga. Ila ya B ina nafasi ya laini mbili za kadi, hizi za Marekani kadi moja na eSIM, yaani laini iliyo ndani ya simu isiyo na kadi. Kwa mtu wa nyumbani mwenye Vodacom na Airtel hilo ni jambo kubwa kuliko hiyo nembo.

iPhone nazo angalieni, kuanzia 14 zilizouzwa Marekani hazina kabisa tundu la laini, ni eSIM tu. Usimpelekee mzee kabla hujauliza kama kampuni yake inatoa eSIM, na kama duka lao liko karibu naye.

Kutoka Toronto:

Naunga mkono dada wa Columbus. Niongeze tu kwamba hili la loki ni la huko Marekani zaidi. Huku Kanada tangu tarehe 1 Disemba 2017 simu lazima iuzwe bila loki, na za zamani wazifungue bure. Uingereza nao walipiga marufuku Disemba 2021. Kwa hiyo kama una ndugu huku au London anakuja likizo muulize bei kwanza. Kwa wanaopeleka Tanzania, piga *#06# upate IMEI, zile tarakimu 15, halafu aliye nyumbani azitume kwa meseji kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, atajibiwa kama simu ni halali au la. Hiyo inakagua simu feki, haikwambii habari ya loki, msichanganye.

Kutoka Houston:

Asanteni sana jamani, nimeshtuka. Dada, nimeangalia hata hii ninayotumia mwenyewe, ni Galaxy na inaishia na U bila 1, na nilitaka niweke laini yangu ya Tanzania kwenye nafasi ya pili ili nipate zile namba za uthibitisho za benki ya CRDB zinazokuja kwa meseji.

Kutoka Columbus:

Kama haijafunguliwa haitakubali mdogo wangu, loki inashika nafasi zote mbili, kadi na eSIM. Piga kampuni yako kesho waulize maswali mawili tu: deni limebaki kiasi gani na siku ngapi zimebaki kabla ya kufunguliwa. Wakati unasubiri, hiyo laini ya Tanzania iweke kwenye kisimu chochote cha zamani kisicho na loki, zima data ya romingi isije ikakumaliza salio, na kila baada ya muda weka vocha kidogo wasije wakaifunga. Ya Tanga nunua U1, au B kama utaipata kwa muuzaji unayemwamini, na usitupe risiti.