Tupeane uzoefu: ni lini ulielewa maana ya seti "kufungika"?

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Wanafunzi wengi hukariri kwamba seti, yaani kundi la vitu kama namba, imefungika kwa tendo fulani, kama kujumlisha, endapo memba wake wawili wowote, wakifanyiwa tendo hilo, hutoa jibu lililomo katika seti hiyohiyo, lakini wachache huelewa kinachosemwa. Naanza mimi, mwalimu wa Tandahimba. Msimu mmoja wa korosho nilimkuta mjomba akipiga hesabu na binti yake wa darasa la tano. Malipo ya mnada yalikuwa shilingi 180,000, na deni la salfa, dawa ya mikorosho, shilingi 230,000. Binti alianza kutoa, akakwama, kisha akazigeuza namba na kuandika 50,000, mjomba akatabasamu kwa fedha ambazo hazikuwapo. Nilichukua kalamu nikaweka alama ya hasi mbele ya jibu. Namba asilia, yaani 1, 2, 3 na kuendelea, zimefungika kwa kujumlisha na kuzidisha, ila kwa kutoa hazijafungika. Namba kamili, zenye hasi ndani yake, ndizo hulibeba deni la mjomba. Hizo nazo zinashindwa kwenye kugawanya, kwa kuwa 1 gawa kwa 2 si namba kamili, ndipo tunapozihitaji namba wiano, yaani zinazoandikika kama sehemu ya namba kamili mbili, zilizofungika kwa matendo yote manne.

Mchangiaji wa Nachingwea:
Shikamoo mwalimu. Hapo mwisho umepitiwa kidogo: sifuri ni namba wiano, na hakuna kugawanya kwa sifuri. Ukiiondoa, zilizobaki zinafungika kwa kugawanya, lakini kujumlisha kunaharibika papo hapo, maana 3 kujumlisha hasi 3 ni sifuri uliyokwisha kuifukuza. Mimi nilinyimwa alama kwa kosa hilohilo, ndiyo maana silisahau.

Mwalimu wa Tandahimba:
Marahaba. Nakubali, nimeteleza.

Mchangiaji wa Mikindani:
Sisi neno witiri tulilijua kwa sala kabla ya hisabati, kwa hiyo mwalimu wetu alianzia hapo. Aliuliza kama namba witiri zimefungika kwa kuzidisha, nami nikajibu ndiyo kwa kuwa 3 mara 5 ni 15 na 7 mara 9 ni 63. Alisema mifano hata mia haithibitishi, ilhali mmoja tu unatosha kuvunja, kama 3 kujumlisha 5 unavyovunja dai la kujumlisha. Kisha akaandika (2a + 1)(2b + 1) = 2(2ab + a + b) + 1 ubaoni, akaizungushia chaki ile 1 ya mwisho. Upande wa kulia ni namba shufwa iliyoongezewa moja, na hiyo haiwezi kuwa kingine ila witiri, hata uchague namba kamili zipi kuwa a na b.

Mchangiaji wa Lindi mjini:
Niliwahi kulinda ghala la ufuta. Zamu yangu, yenye urefu wa saa nane, ilianza saa 9 alasiri, na kijana mgeni akaandika daftarini kwamba ningetoka "saa 17". Msimamizi alimwonyesha saa ya ukutani na kumtaka aitafute hiyo 17. Namba 1 hadi 12 hazijafungika kwa kujumlisha kwa kawaida, lakini kwa kujumlisha kwa saa, ambako jibu likizidi 12 hupunguzwa 12, zimefungika kabisa, na 12 yenyewe hufanya kazi ya sifuri. Kijana alikata ile 17, akaandika saa 5 usiku.