Mashine ya kupasua magogo imeisha nguvu, ninunue pampu gani?

Kabari_Elburgon:
Wadau, habari za jioni. Niko Elburgon, nauzia kuni shule mbili na hoteli kadhaa za Molo. Mwezi wa tatu nilinunua mashine ya mtumba ya kupasua magogo, ya injini ya petroli, na imenifanyia kazi vizuri. Sasa wiki mbili hizi kabari inakimbia ikiwa haina mzigo, lakini ikigusa gogo inasimama pale pale na kutetemeka. Injini hata hailemewi. Fundi wa hapa amesema pampu imekwisha. Mpya ni elfu 26, ya mtumba elfu 14. Nichukue ipi? Shule zinafunguliwa karibuni, nina lori mbili za kuni sijapasua na usingizi hauji.

Nyanya_wa_Rongai:
Elfu 26! Kwa pesa hiyo unapata vijana wawili wenye mashoka na chai unawapikia. Marehemu mzee wangu alipasua mkaratusi kwa shoka moja mpaka watoto wote wakamaliza shule. Halafu pasueni ukiwa mbichi, ukikauka unakuwa chuma.

Mwalimu_Mstaafu:
Mimi nauliza jambo la kwanza. Hayo magogo yametoka wapi? Tulikaa na marufuku ya ukataji miti tangu 2018, ikatangazwa kuondolewa 2023, na sasa kila mtu ana msumeno. Vijana mnakata, mnapanda lini?

Kabari_Elburgon:
Mwalimu, shikamoo. Ni mikaratusi ya shamba la mjomba. Naomba turudi kwa pampu.

Fundi_Kibuye:
Wacha pampu kwanza. Pampu za hizi mashine huwa na hatua mbili: oili nyingi kwa presha ndogo kabari ikikimbia, halafu ikikutana na ugumu inageuka, oili kidogo kwa presha kubwa. Ingekwama ile hatua ya kwanza, injini ingekoroma hadi izime. Yako hailemewi, kwa hivyo presha inatoroka mahali. Inaweza kuwa ile valvu ya kupunguza presha, inaweza kuwa sili za pistoni, zile raba za kuzuia oili isipite, na pampu pia siiondoi. Tangi linaingia lita ngapi na uliweka oili gani?

Kabari_Elburgon:
Lita 15 hivi. Oili ni sawa, haina shida.

Fundi_Kibuye:
Sikuuliza kama ina shida. Ni gani?

Posho_Mill_Kakamega:
Hapa nimekumbuka mashine yangu ya kusaga. Fundi aliniuzia beringi tatu kwa miezi miwili, kumbe ni mkanda ulikuwa umekaa kombo. Siku hiyo nililia mbele ya wateja, mama mmoja akanipa kiti. Fundi mwenyewe siku hizi ni diwani.

Fundi_Kibuye:
Bwana Kabari, chota oili kutoka chini ya tangi, ujaze chupa ya soda isiyo na rangi, uiache mezani hadi asubuhi. Utuambie unachoona. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, ni maji.

Kabari_Elburgon:
Asubuhi njema. Si nyeupe. Imejigawa. Juu ni oili ya kahawia, chini kuna kitu cha manjano hafifu, upana wa kidole. Labda ni maji ya mvua?

Fundi_Kibuye:
Maji hayana rangi hiyo. Chovya kijiti, upake kwenye kipande cha bati chenye rangi. Na utuambie uliongeza nini.

Kabari_Elburgon:
Sawa. Ilikuwa inavuja kidogo kwenye kifimbo cha silinda, kile chuma kinachosukuma kabari, tangu nilipoinunua. Mwezi uliopita oili ikapungua nikiwa msituni, duka la karibu lilikuwa na oili ya breki pekee. Nikaweka chupa mbili za nusu lita. Lakini breki si ni haidroliki pia? Na fundi alikuwepo, hakusema kitu. Halafu kusema ukweli pampu nimeshaiwekea elfu 8, ndiyo maana nauliza mpya au mtumba.
Rangi ya bati imeanza kuinuka.

Nyanya_wa_Rongai:
Woi.

Fundi_Kibuye:
Oili ya breki ndiyo hubabua rangi hivyo, nayo haipatani na sili za mpira wa kawaida za mashine kama hiyo. Zinavimba, zinalainika, oili inapita kando ya pistoni. Ukifunga pampu mpya leo, hiyo oili itaanza kula sili ya pampu pia.

Mzee_wa_Kondele:
Mimi huu uzi siuamini. Juzi mashine imefanya kazi vizuri, leo ilikuwa inavuja tangu siku ya kwanza. Juzi anauliza pampu ipi, leo amelipa tayari. Kesho mtaona tangazo la duka la pampu hapa chini, na nambari ya simu.

Posho_Mill_Kakamega:
Kweli eti. Picha ya mashine iko wapi?

Mwalimu_Mstaafu:
Nami niliona kuna walakini kwenye habari ya mjomba.

Kabari_Elburgon:
Simu yangu ni ya vibonye, naandikia kwa saiba. Mtu atunge uongo wa kujiaibisha hivi? Mpira wa chini unaopitisha oili ya presha nimeufunga kwa raba ya tairi la baiskeli, hata hivyo unatoa jasho, kila saa naupapasa kujua panapovuja.

Fundi_Kibuye:
Usipapase! Huyu hatungi, hilo la kupapasa ndilo kosa letu sote. Tundu dogo kama la sindano, mashine ikiwa na presha, linapenyeza oili chini ya ngozi. Unaona kidoa tu, hakiumi sana, kumbe ni wa kukimbizwa hospitali ukapasuliwe siku hiyo hiyo. Pitisha kipande cha katoni. Na mpira huo ubadilishwe, raba ya baiskeli haizuii chochote.
Sasa kipimo. Sukuma pistoni hadi mwisho, zima injini, sogeza mkono wa valvu huku na huku presha iishe. Fungua mpira wa upande wa kifimbo, uzibe huo mpira kwa kizibo cha chuma, tundu la silinda ulielekeze kwenye ndoo. Washa, sukuma tena mbele kidogo, wewe ukae mbali. Oili ikiendelea kutoka kwenye silinda, sili za pistoni zimekwisha.

Kabari_Elburgon:
Ndoo imefika nusu kabla sijazima. Nimefungua silinda. Sili kubwa imetoka kwa bisibisi kama ugali wa jana, haikubali tena kurudi kwenye mfereji wake.

Fundi_Kibuye:
Basi mwaga oili yote, sugua tangi, badilisha filta na sili zote. Uweke oili ya haidroliki namba 46, uiendeshe bila mzigo mara kadhaa hewa itoke, uimwage hiyo nayo kisha uweke nyingine. Presha ikikataa hapo ndipo tuzungumze pampu.

Mzee_wa_Kondele:
Na ile elfu 8?

Kabari_Elburgon:
Mwenye duka amekataa kurudisha pesa. Amenipa sili, filta, mpira na oili lita 40, na bado namdai mia tatu.

Mzee_wa_Kondele:
Duka linaitwaje?

Kabari_Elburgon:
Sisemi. Utasema ni tangazo.